Rangi ya Fedha kwenye Jeki ya Tela

Mlipokuja kuniaga, vijana wangu wa karakana, mlinieleza kwamba mmeletewa tela jipya la chanjo, kwamba lina jeki ya umeme kama lile la zamani, na kwamba kila mmoja wenu anamsukumia mwenzake kazi ya kuitunza. Nimelifikiria jambo hilo kwa majuma matatu, tangu nistaafu. Katika majuma hayo nimekaza bawaba za milango yote nyumbani, nimetia grisi baiskeli za mtaa mzima, za walioomba na za wasioomba, na mke wangu ameniambia nikiigusa tena cherehani yake atanirudisha karakana yeye mwenyewe, kwa miguu. Basi nimeamua niandike. Ningesema nimekaa chini kuandika, lakini nimesimama, daftari liko juu ya kabati, kwa sababu mimi na kiti hatujapatana bado.

Mambo ya vyeo nayaacha. Yamo kwenye faili, na faili lenyewe limo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea.

Nilitoka kwenye shamba la mkonge nikaingia karakana ya serikali hapa Kilosa miezi michache baada ya Uhuru, nikiwa na nguvu za tembo wawili na akili ya kuku mmoja. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Mkude, fundi mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kukimbia hata mvua ikimnyeshea.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kuosha je?"

"Najua sana."

"Basi tuanze na unachokijua."

Akanipa karai la mafuta ya taa na gunia la nati zilizochafuka. Niliosha juma zima. Nadhani niliosha nati zote za Afrika Mashariki. Mikono ilinibabuka, nami nilikuwa mtu wa kutaka kupanda kwenye injini siku ileile, kwa hiyo kila baada ya nati kumi nilikwenda kuchungulia wengine wanafanya nini. Mzee alinirudisha kwa kidole. Kwa tabia hiyo ya kuchungulia nilijifunza nusu ya ufundi wangu. Nusu nyingine nilijifunza kwa makosa, na kubwa kuliko yote nitawasimulia, ingawa mngependa nisimulie la mwingine.

Jioni nilisoma darasa la watu wazima. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yakitugusa masikio, na mwalimu wetu alikuwa na hamu kubwa ya kutufundisha Kiingereza, ila kitabu hakuwa nacho. Kumbukeni hilo, maana hapo ndipo tela lilipoingia.

Lilikuja wakati vijiji vya ujamaa vimeanza kufunguliwa huku kwetu, watu wanahamia mahali ambapo zahanati bado ni vigingi vinne na kamba. Lilikuwa chumba cheupe juu ya magurudumu mawili. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba, kabati la dawa, na jokofu la chanjo lililotumia moto wa gesi. Jokofu lile lilikuwa na maringo. Likisimama sawasawa lilipoza vizuri. Likiinama upande wowote, liliacha kupoza bila kumwambia mtu. Moto unawaka, wewe unafurahi, kumbe ndani chanjo zinaiva.

Ndiyo maana jeki ilikuwa roho ya tela. Mbele kabisa kulikuwa na chuma kirefu kinachoshikana na gari, sisi tulikiita shingo. Juu ya shingo ilisimama jeki: bomba lenye urefu wa mkono, ndani yake nguzo ya chuma inayong'aa ambayo hushuka hadi ardhini, na kichwani kofia yenye mota ndogo inayokula umeme wa betri. Unabonyeza swichi, inaguna, na chumba kizima kinainua uso. Sakafuni karibu na mlango palifungwa pimamaji kama la waashi, na kazi yako ilikuwa kupandisha au kushusha shingo mpaka kile kitone cha hewa kisimame katikati. Siku ya kwanza tulipoijaribu, Kilosa nzima ilijaa uani. Sina ushahidi, lakini nasema hata treni ilichelewa kuondoka.

Mtaalamu mgeni alitufundisha kwa siku tatu, akatuachia kijitabu cha Kiingereza, akaenda zake. Nikakipeleka darasani. Mwalimu karibu alie kwa furaha. Kwa miezi miwili darasa zima lilisoma jeki. Mama Tatu, muuza maandazi wa stesheni, hajawahi kushika spana maishani mwake, lakini mpaka leo atakwambia kwamba nguzo ya ndani hupanguswa kila baada ya safari na kupakwa mafuta mepesi, siyo grisi nzito, kwa sababu grisi nzito hushika mchanga na mchanga hula chuma. Ni sahihi kabisa. Kwenye mtihani alinishinda.

Kijitabu hakikujua mvua zetu, wala vumbi la njia ya Mikumi. Kifuniko cha kwanza cha jeki nilikishona kwa gunia la mkonge, maana hapa kwetu kitu hicho hakikosekani. Gunia likanywa mvua na kuishika kwa siku nyingi, na nilipolivua nilikuta swichi imeota ukungu wa kijani. Cha pili nilikishona kwa turubai kuukuu la lori, kichwani nikatia kipande cha mpira wa ndani wa tairi, chini nikakiacha wazi ili jasho la chuma lipate pa kutokea. Hicho kilikuwa kifuniko kweli, na nyani wa Mikumi walikubaliana nami. Tulisimama kando ya barabara kula mihogo, dume moja likakivuta, likakivaa kichwani, likapita mbele yetu taratibu kama hakimu anayeingia mahakamani. Tangu siku hiyo nikakifunga kwa mkanda wa ngozi wenye bizimu. Nyani hajui bizimu. Alikuwa hajui wakati ule, kwa sasa siwezi kuapa.

Vichwa vya betri nilivikwangua kila juma na kuvipaka grisi kidogo. Fyuzi ya akiba nilitembea nayo mfuko wa shati. Chini ya mguu wa jeki niliweka ubao wa mninga, maana udongo wetu wa tifutifu humeza chuma. Na kila mwezi, umeme uwepo usiwepo, niliizungusha kwa mpini wa mkono, juu mpaka chini, ili siku ya shida mpini usinione mgeni.

Dereva wetu alikuwa Sefu, mtu mzuri asiyeweza kuendesha gari na kufunga mdomo kwa wakati mmoja. Siku moja pale Dumila alikuwa anabishana na muuza karanga kupitia dirishani, nami nikasema "twende" kabla sijaipandisha nguzo mpaka mwisho. Tukatoka mguu wa jeki ukichora barabara, na tulipofika Magole tulikuwa tumechimba mfereji ambao, kwa maoni yangu, ungetosha mpunga wa wilaya nzima. Mzee Mkude alinyoosha mguu ule kwa nyundo siku tatu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuanzia siku ile, anayepandisha jeki aushike mguu kwa mkono wake kwanza, ndipo amwambie dereva neno lolote. Nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kulikuwa na kijiji kipya upande wa Mikumi. Kiangazi kilichotangulia surua ilipita pale kabla watu hawajamaliza kuezeka, na ilichukua watoto. Nesi Leokadia, muuguzi wetu wa tela, alikwenda mara tatu kuwasihi akina mama wakubali chanjo. Walikuwa wameshachoka kuahidiwa. Mara ya tatu walikubali, siku ikapangwa, na hapo ndipo ofisi iliposikia, ikaona inafaa aalikwe mgeni rasmi kutoka mkoani.

Mnajua mgeni rasmi akitajwa inakuwaje. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, miti ikavishwa soksi za chokaa, na nasikia kuna mbuzi aliyeponea kwa kukimbia. Kwetu karakana likaja agizo kwamba tela ling'ae. Mzee Mkude alikuwa nyumbani na malaria. Nikabaki mimi, na mikono yangu isiyotulia, na nusu debe la rangi ya fedha iliyobaki tulipopaka tangi la maji.

Nililiosha tela. Nikalipaka magurudumu. Ikabaki saa nzima kabla ya kufunga kazi, nikaitazama jeki. Mwingine angeipaka palepale iliposimama. Mimi, msomi, nilifungua nati zake tatu, nikaishusha, nikaipiga msasa, nikaipaka kila mahali: bomba, kofia, kitako kinachokaa juu ya shingo, na ile nguzo ya ndani nikaivuta nje yote nikaipaka mara mbili. Ilipendeza mno. Mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Asubuhi nikaifunga mahali pake. Rangi ilikuwa bado inanata kidogo, sikutaka kuichubua. Kwa hiyo badala ya kutumia jeki kuinua shingo, niliita wanaume wanane wakaibeba na kuikalisha kwenye gari. Sikuijaribu. Nimeandika mashine maelfu na maelfu kwenye daftari la kazi, na neno linaloniuma mpaka leo ni hilo moja tu.

Njiani Mzee Mkude alitusimamisha, amejifunga blanketi, homa bado machoni. Dada yake alikuwa amehamia kijiji kile. Akapanda nyuma ya gari, akalala.

Tulifika saa tatu. Akina mama walikuwa wamekwisha kupanga foleni, watoto mgongoni. Wa kwanza alikuwa Mama Zuhura, mwanamke mrefu aliyezika mmoja katika ile surua. Huyo ndiye aliyewavuta wengine. Tela lilipangiwa kusimama kwenye mteremko, pua chini, katikati ya mawe meupe. Nikachungulia pimamaji: kitone cha hewa kilikuwa kimekimbilia nyuma kabisa. Nikaweka ubao wa mninga, nikabonyeza swichi.

Kimya.

Nesi Leokadia akatoa kichwa mlangoni. "Kaka Athumani, mbona haisemi?"

"Inapumua kwanza, dada."

"Na jokofu nalo linapumua. Fanya haraka."

Mlangoni mwa jokofu kulikuwa na kipimajoto cha mshale, na Leokadia alikuwa amechora mstari mwekundu kwenye nyuzi nane. Mshale ukiuvuka, chanjo hazifai. Tulifika ukiwa kwenye tano. Nilibadilisha fyuzi. Nikakwangua vichwa vya betri ambavyo nilivikwangua jana yake. Nikafungua swichi, nikaifunga, nikaifungua. Nikazunguka tela mara saba kama kwamba tatizo lingenionea huruma lijitokeze. Nikatia mpini wa mkono. Ukazunguka robo, ukagoma kabisa.

"Sita," Leokadia akasema.

Tukaleta jeki ya gari, ikazama kwenye udongo kama kijiko kwenye uji. Tukaikalisha juu ya ubao, haikufika kimo. Wanaume wakainua shingo kwa mikono tuweke mawe, mawe yakateleza, na mguu wa mtu ulipona kwa upana wa kucha. Nikamwomba bwana wa maandalizi tusogeze tela pale juu penye tambarare.

"Ndugu Fundi, haiwezekani. Mgeni atapita kati ya mawe. Mawe yamepangwa."

"Mawe yanapangika upya, ndugu."

"Chokaa imekwisha."

Leokadia alishuka akaja karibu yangu ili foleni isisikie. "Nikiwarudisha hawa leo, hawarudi tena. Yule Mama Zuhura amenitazama tangu nifike. Niambie ukweli, itapona au haitapona?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya uongo. Nikaenda kumwamsha Mzee, jambo ambalo kwa kiburi nilikuwa nimeliahirisha saa nzima. Alikuja na blanketi lake, akasimama mbele ya jeki, akapepesa macho kwa ule mng'ao.

"Athumani, nani aliigusa mwisho?"

"Mimi, Mzee."

"Ukaifanya nini?"

"Nikaipaka rangi."

"Wapi?"

"Kote."

"Kote ni wapi?"

Nikamwonyesha. Nilipofika kwenye kitako nilianza kuelewa, na nilipofika kwenye nguzo nikawa nimekwisha kuelewa yote. Umeme hupanda kwenye mota kwa waya mmoja tu. Kurudi, hurudi kwa chuma chenyewe, kupitia kitako na zile nati tatu, kwenye shingo. Mimi nilikuwa nimeweka rangi katikati ya chuma na chuma. Umeme ulipanda, ukakosa pa kushukia. Na ile nguzo, ambayo upana wake na upana wa bomba umeachana kiasi cha karatasi, nilikuwa nimeinenepesha kwa mikono miwili ya rangi, ikanata kooni.

"Saba," akasema Leokadia.

"Ikwangue," akasema Mzee.

Bwana wa maandalizi akaja mbio. "Ndugu, mgeni yuko njiani, unaharibu kitu kizuri namna hii?"

"Kilikwisha kuharibika jana," nikamwambia. "Na aliyekiharibu ni mimi."

Nilisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Sikupanga iwe hivyo, lakini mikono ilikuwa kazini na mdomo ukajiendea. Bisibisi haikutosha. Mama Zuhura akatoka kwenye foleni, akachomoa kisu kikapuni mwake.

"Hiki nakatia mchicha, baba. Usikitie ubutu."

Nilifungua nati, nikakwangua kitako mpaka chuma kikaonekana cheupe, nikakwangua shingo pale kitako kinapokaa, na chini ya kila nati. Nguzo niliivua, nikaisugua kwa petroli na msasa, Sefu akishika upande mmoja, kwa mara ya kwanza katika historia akiwa kimya. Mzee alipitisha kidole juu yake, akanionyesha nilipobakiza, nikarudia, akanionyesha tena. Nikaipaka mafuta mepesi, nikairudisha, nikakaza.

Nikabonyeza. Ikaguna.

Guno lile ningelitambua kati ya mashine elfu. Pua ikapanda, kitone kikaanza kurudi polepole, kikasimama katikati. Leokadia alikuwa hatazami pimamaji. Alikuwa anatazama mshale, ambao ulikuwa umegusa mstari mwekundu.

"Umevuka?" nikamuuliza.

"Umegusa. Haujavuka. Mtu yeyote asifungue jokofu hili."

Ndipo gari la mgeni lilipoingia. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Bwana wa maandalizi akamwomba Leokadia achanje mtoto mmoja hapo hapo, ili mgeni aone. Leokadia akasimama mlangoni mwa tela.

"Mheshimiwa, tunasubiri mshale ushuke. Ukipanda, nawarudisha wote nyumbani."

Mgeni akautazama uso wake, akaona hapo hakuna nafasi ya mazungumzo. Akaitazama jeki, nusu inang'aa, nusu imechunwa kama mbuzi wa sikukuu.

"Na hiki kimefanyiwa nini?"

"Nilikipaka rangi kwa ajili yako, mheshimiwa, kikafa," nikasema. "Nimekikwangua kikafufuka."

Hakucheka. Alitikisa kichwa, akaenda kuhutubia. Alihutubia juu ya kilimo, juu ya kujitegemea, juu ya vyoo. Nimesikia hotuba nyingi nikiomba ziishe. Ile niliomba iendelee mpaka jioni. Nilikuwa nakwenda mlangoni, narudi, nakwenda, mpaka Leokadia akaniambia nikipita tena mbele yake atanichanja mimi. Karibu saa moja baadaye, mgeni akiwa bado kwenye vyoo, Leokadia alinyanyua mikono yote miwili na kunionyesha vidole: saba. Kisha sita na nusu. Kisha akafungua mlango wa tela wazi, akavaa aproni yake, akamwita wa kwanza.

Mama Zuhura alikuja na mwanawe, mvulana wa mwaka mmoja hivi, mzito, mwenye macho ya kushuku kila mtu. Alifika kwenye ngazi, akasita. Kitenge chake kilikuwa kimefunguka na mkono mmoja ulikuwa na kikapu. Akanigeukia.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi nishikie huyu."

"Mikono yangu ina mafuta, mama. Na petroli."

"Ataoga," akasema. "Mshike vizuri, ana nguvu."

Nikamshika. Alikuwa na nguvu kweli, aliniacha na alama kumi shingoni. Sindano ilipoingia alipiga kelele iliyofika Mikumi, na foleni nzima ikasogea hatua moja mbele.